Yaya, Kasumbalesa inanimaliza

Huu ni ukurasa wa ULIZA YAYA. Mwezi huu barua nyingi zimekuja na neno moja, kuchoka, na si ile ya kulala usiku ukaamka mzima, ni ile ingine. Nimetoa tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu imenigusa mahali, wengine munisamehe.

Barua ya kwanza

Yaya, jambo yenu. Mi ni deklara, kwa wale hawajui ni mtu wa kupitisha mizigo kwa duane (forodha), niko na miaka 34, nyumba iko Katuba, hapa Lubumbashi, lakini wiki nzima niko Kasumbalesa, kwa mpaka wa Zambia, ao njiani. Miaka sita sasa. Kazi yenyewe ni hii: lori za asidi zinaingia, lori za shaba zinatoka, karatasi moja ikikosa muhuri lori linalala, na lori likilala dereva ananiita, mwenye lori ananiita, kliyenti ananiita toka Kolwezi, shefu naye ananiita juu kliyenti amemuita. Saa saba za usiku, saa tisa, hawajali. Niko na telefone mbili na zote nazilaliaga chini ya mto.

Zamani nilipenda hii kazi, sikudanganyi, nilikuwa najua kila mtu pale mpakani, mpaka wamama wa kuuza mandazi. Sasa tangu mwezi wa pili nikiona jina la shefu kwa ekra mkono unaanza kutetemeka. Juzi nimejaza deklarasio nikaandika uzito wa lori lingine kabisa, lile lori likazuiliwa siku nne, na unajua kilichoniogopesha? Sikusikia kitu. Hata haya sikusikia. Nyumbani bibi yangu akiniongelesha naitika tu eeh, eeh. Mtoto wetu wa pili ameanza kuniigiza, anaweka rimoti ya televizyo kwa sikio anatembea mu salo akisema "lori iko wapi, lori iko wapi".

Nimewaza kuacha kazi miezi tatu. Nkambo (nyanya) yangu anakaa kijiji kimoja upande wa ziwa Tshangalele, utoto wangu nilikuwaga naenda kule kila vakansi, tunavua samaki, tunalala mapema. Nataka tu kwenda kukaa pale niangalie maji. Lakini bibi yangu anasema mwanaume mzima haachi kazi, mkubwa wangu anasema nimerogwa, niko na minervali (karo) ya watoto watatu na mdogo wangu yuko inivesite. Nimeweka dola 1,400. Nikimuambia shefu atanifukuza, nikinyamaza nitakufa. Nifanye nini?

Deklara wa Katuba

Yaya anajibu

Mdogo wangu Deklara, ile ya mtoto na rimoti nimeicheka peke yangu hapa mezani, kisha nikaisoma mara ya pili sikucheka tena.

Tuanze na mkubwa wako. Mwambie kwa heshima yake kwamba hii kitu ilishaandikwa tangu 1974, na mtaalamu mmoja wa saikolojia kule New York, Herbert Freudenberger, yeye aliiona kwa wenzake waliokuwa wanajitolea kutibu watu bure na akaiona kwa mwili wake mwenyewe, akaiita kuungua (burnout). Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 liliiweka kwa orodha yake, si kama ugonjwa, kama jambo linalotoka kwa kazi, na likataja alama tatu: nguvu inaisha, moyo unaenda mbali na kazi mpaka unaidharau, na kazi yenyewe inaharibika mkononi. Sasa soma barua yako. Mkono unatetemeka. Sikusikia kitu. Uzito wa lori lingine. Zote tatu umeziandika mwenyewe bila kuulizwa, mchawi gani anafuata utaratibu namna hiyo?

Lakini kabla ya kijiji, pitia kwanza kwa munganga. Kupungukiwa damu, sukari, presha, malaria ya kujificha, vyote hivi vinachosha mtu akadhani ni kazi. Na lile neno lako, nitakufa. Kama ni namna ya kusema, sawa, sisi wote tunasemaga hivyo. Kama kuna usiku umewaza kweli kujimaliza, basi acha huu ukurasa, mwambie bibi yako leo na muende wawili hospitali leo, usiende kukaa peke yako kando ya maji.

Sasa nikuambie yangu, juu wewe unafikiri ukifika Tshangalele utapona kama mtu amevua koti.

Mimi nilifanya kazi miaka 11 mu sekretaria, mahali sitapataja, biro moja watu watano kazi ya watu kumi, mwisho nikawa nalia mu twalete saa nne kila asubuhi, kwa saa kabisa, ungeweza kupangia saa yako. Nikaomba mwezi mmoja nikaenda kwa binamu yangu analima huko mbele ya barabara ya Kipushi. Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi yetu unaijua, asubuhi unapumua moshi. Nikajisema hapa nitalala. Sikulala. Saa kumi za usiku macho kwaa, mkono unatafuta telefone chini ya mkeka, na pale kwa binamu hakuna rezo.

Hakuna rezo, ila kwa kichuguu. Unaona vile vichuguu vyetu vya Katanga, vile vya kupita nyumba, watu wanachimba udongo wake kufyatua matofali, mtu wa ugenini akiona anadhani ni kilima? Kimoja kilikuwa nyuma ya shamba, kirefu kuliko mwembe, na ukikwea mpaka juu kabisa ukasimama upande wa mashariki unapata mistari miwili. Watu wa pale walikuwa wanakwea jioni, mara moja, wanaongea na watu wao wa mjini wanashuka. Mimi nilikwea mara sita kwa siku. Biro ikiniuliza fakture iko kabati gani, mimi juu ya kichuguu na kikwembe kinapepea, najibu. Wiki ya kwanza nilichora njia mu majani kutoka mlangoni mpaka juu, nyeupe, kama njia ya mbuzi, na bibi ya binamu yangu akaiangalia akasema, yaya, wewe hukukuja huku, umehamisha tu biro.

Nilimkasirikia siku mbili.

Siku ya tatu nikampa telefone aifunge mu sanduku lake la vikwembe, akafunga na ufunguo akauvaa shingoni. Nilipata homa ya kweli, nakuambia, kichwa, mwili, na hasira za bure. Kisha wakanipa jembe. Siku ya kumi na mbili hivi nimekaa nachambua majani ya sombe nikainua macho nikaona ile njia yangu ya kichuguu majani yameanza kuifunika, na nikajiuliza leo ni siku gani, sikujua, nikaendelea kuchambua. Usingizi ulikuja usiku ule ule, mpaka wakagonga mlango wakifikiri nimekufa.

Kwa hiyo swali langu kwako si miezi mingapi. Ni hizi telefone mbili utamuachia nani? Pori lenye telefone ni biro lenye mbu. Usipopata jibu la hilo, hata ukikaa Tshangalele mwaka, dereva atakukuta.

Njo pale tunafika kwa shefu. Usiende kumwambia nimechoka, neno hilo halina karatasi. Nenda na konje, likizo yako. Kwa sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 kila mwezi mzima uliotumika unakupa angalau siku moja ya kazi ya konje ya kulipwa, na miaka mitano ikitimia wanaongeza siku moja kwa mwaka, maana yake wewe wa miaka sita unafika siku 13 za kazi kwa mwaka, chini kabisa, mkataba wenu unaweza kuwa unatoa zaidi. Hukuniambia mara ya mwisho ulikwenda konje ni lini, na kwa vile nawajua nyinyi watu wa mpakani nahisi hata wewe hukumbuki. Andika barua, omba konje yako, na kwa barua ile ile omba mwezi mmoja juu yake bila mshahara, na taja jina la mwenzako wa kushika dosye zako. Hili jina njo muhimu, shefu haogopi wewe kuondoka, anaogopa lori kulala. Kaa na huyo mwenzako wiki mbili nzima, mpe namba za watu wote, mpaka za wale wamama wa mandazi, kisha telefone ya kazi mkabidhi mbele ya shefu. Jibu ulipate kwa maandishi na sahihi, ruhusa ya mdomo ikifika mwisho wa mwezi inasahaulika.

Na kama atakataa ukaamua kuondoka kabisa, usiondoke kwa hasira asubuhi moja. Kuna preavi, zile siku za kuarifu kabla kazi haijaisha. Patron akikuachisha bila kosa zito anatakiwa kukupa angalau siku 14 za kazi na 7 kwa kila mwaka uliotumika, kwa miaka yako sita ni 56, na wewe ukiacha mwenyewe unatoa nusu, 28. Konje ambayo hukuchukua wanakulipa wakati wa kufunga hesabu. Ukikimbia bila preavi unawapa wao sababu ya kukudai wewe, na hapo 1,400 yako inayeyuka.

Hiyo 1,400 sasa. Kwa miezi tatu haitoshi, tuambiane ukweli, ukiwa na watoto watatu na mdogo wako inivesite. Lakini ukienda mwezi wa saba masomo yamefungwa, hakuna minervali mpaka mwezi wa tisa mwanzoni, hakuna trasporti ya watoto, na huko kijijini wewe mwenyewe hutumii karibu kitu. Wiki mbili na kitu za konje zinalipwa, mwezi unaobaki unakula akiba. Unarudi na hata senti za kuandikisha watoto ziko. Mwezi mmoja na nusu wa kweli unashinda mitatu ya kuhesabu deni usiku.

Juu ya kijiji chenyewe. Umeondoka kule mtoto, unarudi mtu wa Kasumbalesa, kwa macho yao wewe ni dola inayotembea. Wiki ya kwanza watakuja, huyu mtoto wake anaumwa, ule bati limetoboka, na mtu ameungua hawezi kusema hapana, atatoa mpaka nauli ya kurudi. Mwambie nkambo mapema, yeye awe mlango wako. Beba chumvi, sukari, sabuni, kikwembe kizuri cha nkambo, peana siku ya kwanza mbele ya wote na mwambie mkubwa wa kijiji umekuja kumtunza nkambo, mambo ya kuungua na kazi hatayaelewa na hayamuhusu. Beba chandarua. Na usioge pale maji yamelala mu majani, kichocho iko, ingia na mtumbwi ukae juu yake.

Lile ziwa linanichekesha kidogo kwa kweli, unakimbia mashini unaenda kupumzika kwa maji ya mashini, juu Tshangalele si ya Mungu peke yake, ni Lufira iliyofungwa na ukuta wa Mwadingusha kutengeneza umeme wa migodi hii hii unayosafirishia shaba. Lakini ndege hawajali nani alijenga ukuta. Na ukichelewa mpaka mwisho wa mwezi wa nane utaona ile miti yetu ya pori inavyotoa majani mapya kabla tone moja la mvua halijaanguka, yanatoka mekundu, kilima kizima rangi ya shaba. Shaba isiyo na deklarasio, iangalie vizuri.

Bibi yako usimjibu kwa maneno. Mwite mtoto wa pili, mpe rimoti, mkae wote wawili mumuangalie.

Barua ya pili

Yaya, mi ni muganga wa kike, namaanisha infirmiere (muuguzi), niko Ruashi. Nimechoka pia lakini siwezi kuomba mwezi, niko na siku tano tu. Marafiki wanataka twende kuona maporomoko ya Lofoi mwezi wa kumi, tuchangie gari. Ni wazo nzuri ao nitarudi nimechoka zaidi?

Mama Piki

Yaya anajibu

Mama Piki, Lofoi ni uzuri, sikatai, maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, Afrika nzima ni machache ya namna hiyo, na pale pako ndani ya parke ya Kundelungu iliyofunguliwa 1970. Lakini mwezi wa kumi? Kiangazi chote kimepita juu yake, utasafiri ukute uzi mwembamba unapeperuka kwa mwamba na wewe unajaribu kufurahi kwa sababu umelipa. Na ukingoja mvua ikolee maji yanakuwa makubwa lakini njia inakuwa tope, mutalala njiani mukisukuma. Mwezi wa tano ao wa sita, mvua imetoka maji bado yapo, njo pale. Kule juu kwa tambarare usiku ni baridi ya kuumiza mifupa, blanketi ni mbili si moja, gari iwe ya kukwea milima, na muulize ICCN, wale wa kulinda maparke, kabla hamjatoka mjini juu ya ruhusa, mlinzi na hali ya njia.

Swali lako la pili njo kubwa. Watu sita mu gari moja, muziki, picha, nani amelipa nani bado, siku mbili za kwenda na kurudi, kwa siku tano? Hiyo ni sherehe, na sherehe ni nzuri, lakini infirmiere anayetoka kwa zamu za usiku anahitaji mahali ambapo hakuna mtu anamuita. Kama uko na shangazi mwenye shamba, hata kilometa 20 tu, lala kwake siku tatu za kwanza bila kufanya kitu, na mbili za mwisho fua nguo zako. Lofoi ipange na hao marafiki mwaka ujao.

Wewe wa hospitali utaipenda hii: 1984 mtafiti mmoja, Roger Ulrich, alitoa hesabu za wagonjwa waliopasuliwa nyongo kwa hospitali moja ya Pennsylvania, wengine dirisha lao liliangalia miti, wengine ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema na waliomba dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Hawakutembezwa popote, walilala tu wakiangalia. Kama salo yenu ya kupumzikia iko na dirisha moja la kuangalia mwembe, gombania kile kiti.

Barua ya tatu

Yaya, nyinyi munaongea konje, konje, mi nauza bitoyo mu soko ya Kenya, konje yangu nitaomba kwa nani, kwa samaki? Siku nisipofungua meza hatuli bukari. Na sina kijiji, baba alizaliwa hapa hapa.

Mwenye meza

Yaya anajibu

Mama, umenipiga na nimestahili. Kwa wasomaji wa mbali, Kenya hii ni komini yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi.

Sitakuambia funga meza mwezi. Kuna watu walichunguza Uingereza, matokeo yakatoka 2019, watu kama 20,000 hivi, wakaona wale wanaopata dakika 120 kwa wiki mahali penye miti na majani walijisikia wazima zaidi kuliko wasiopata kitu, na haikuwa lazima ziwe mara moja, ungeweza kuzigawa. Hao ni watu wenye mapori yasiyo na malaria na hakuna aliyewaachia meza ya bitoyo, najua, lakini saa mbili kwa wiki ni kitu unaweza kuiba. Jumapili ukitoka kanisani usipande basi. Tembea ile avenyu ya jakaranda, mwezi wa tisa na wa kumi maua yanaanguka mpaka barabara inakuwa ya zambarau, kaa chini ya mmoja, telefone muachie binti yako mkubwa, na akikuuliza utarudi saa ngapi mwambie saa nane, halafu rudi saa tisa. Bitoyo ni samaki wa chumvi, haviozi kwa saa moja.